Majani Manne Ukutani kwa Sekhobe

Germiston, 10 Machi 1996

Ausi Malimpho, dada yangu,

Nakusalimu kutoka huku Afrika Kusini, kwenye vumbi la watu. Mimi nipo, kazi ipo, unga upo. Mwambie Limpho mjomba wake hajasahau viatu vya shule. Vijana wa kwetu Leribe ninaolala nao hapa wanakusalimu wote, isipokuwa Tsokolo, ambaye alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, wakamrudisha nyumbani kwa basi. Ukimwona mpe pombe ya joala anywe, maana huku hakupewa hata pole.

Sasa nakuuliza. Kwa nini habari ya dada yangu nimeisikia kwa dereva wa basi? Nilikwenda stendi kumsindikiza Tsokolo, dereva akaniangalia akasema kwa sauti, "Wewe si ndugu yake Malimpho, yule mjane aliyetolewa nyumbani?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Watu wote wakageuka. Nilihisi kama nimevuliwa suruali pale pale.

Akanieleza. Kwamba shemeji yako Sekhobe hakungoja hata uvue nguo nyeusi za kumlilia mumeo Thuso. Kwamba alilibeba kabati lako mgongoni, yeye mwenyewe, akalitupa barabarani na sufuria juu yake, akatangaza kwamba nyumba ya mwanamume asiyeacha mtoto wa kiume inarudi kwa ndugu zake. Kwamba ule ukuta wa mbele, uliokuwa ukiupamba kwa vidole vyako kila mwaka baada ya mavuno, ameupaka chokaa siku hiyo hiyo ili pasibaki alama ya mkono wako. Dereva anasema alipopita chokaa ilikuwa bado inachuruzika.

Mimi shule niliishia darasa la tano, maneno mengi sina. Nasema hivi tu. Krismasi nakuja. Siji na mzee wa kuzungumza, wala siji na kondoo wa kupatanisha. Nakuja na mafuta ya taa.

Nijibu.

Ndugu yako,
Motlatsi


Ha Lekoro, 21 Aprili 1996

Motlatsi mdogo wangu,

Barua yako imefika. Tsokolo nimempa joala, akanywa huku mguu wake umewekwa juu ya kiti kama mguu wa chifu. Limpho ni mzima, ameng'oka jino la mbele na anataka kila mtu alione. Mahindi yametoka shambani, baridi inaanza. Kifua chako je? Tsokolo anasema unakohoa mpaka unashika ukuta. Amesema yeye, si mimi.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaandika ulichoandika.

Yote uliyosikia ni kweli, ila liko moja ambalo dereva hakulijua. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale mlangoni akichambua maharage. Mwanamke anayeitwa Mathuso, mama wa Thuso, ambaye kila akiitwa jina lake linatajwa jina la mume wangu. Kabati lilipita mbele ya magoti yake na hakuinua macho. Aliendelea kuchambua maharage. Sekhobe namchukia kwa mkono mmoja. Huyo mama namchukia kwa yote miwili.

Tunalala kwa mama mmoja, Mme Makatleho, kwenye chumba chake cha kuwekea mahindi. Panya wa humo wameshatuzoea.

Lipo jambo lingine. Mme Makatleho ni mwenyekiti wa chama kinachojengea nyumba watu wasio nazo. Si sadaka. Unalipa kidogo kidogo kila mwezi, bila riba, na chifu anatoa karatasi ya kiwanja kwa jina la anayekaa, hata akiwa mwanamke. Lakini lazima ujenge za wenzako kabla hujajengewa yako. Ni kama letsema ya kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule, ila hapa tunabeba tofali. Wako pia wa kujitolea, ambao hawapati nyumba wala chochote: Mwalimu Phafoli wa shule ya msingi, akina mama wa kwaya, na wazungu wachache wa kanisa waliokuja wakati wa Pasaka, jua likawageuza nyanya. Nimejiandikisha. Nimeshabeba mchanga, nimeshabeba maji, na viganja vyangu sasa vinafanana na vyako.

Kuna sharti moja nataka ulisome polepole. Anayeharibu nyumba ya chama, yeye au ndugu yake, anaondolewa, na nafasi yake inakwenda kwa anayefuata. Yeye au ndugu yake, Motlatsi. Ukija na mafuta yako ya taa utakuwa unaichoma nyumba yangu kabla haijajengwa.

Kaa huko huko. Ongeza blanketi.

Dada yako,
Malimpho


Germiston, 2 Juni 1996

Ausi,

Salamu zako zimefika, na habari ya jino imewachekesha watu humu ndani. Usimuulize Tsokolo habari za kifua cha mtu. Huyo alianguka kutoka jukwaani akiwa hajalewa.

Sisi tunajenga nyumba ya daktari wa meno. Bafu lake ni kubwa kuliko nyumba aliyotulea mama. Saruji ya kila ukuta wake nimeichanganya mimi. Wiki ijayo wanatandika zulia, na zulia likishatandikwa sisi haturuhusiwi kupita mlangoni tena, hata kuchukua sepeto uliyoisahau. Tangu nije huku nimejenga nyumba nyingi na sijalala ndani ya hata moja. Nalala kwenye kontena na wanaume wanane wenye harufu ya soksi.

Kwa hiyo usinikasirikie nikicheka habari ya watu wanaobeba tofali bila kulipwa. Huyo mwalimu wako hana kazi nyumbani kwake? Mimi ukinipa tofali bila mshahara nakurudishia kichwani. Na hao wazungu, wanavaa glavu? Mtu wa glavu hawezi kujua kama mchanga umelowa. Waangalie sana, wasije wakakujengea nyumba ya picha.

Sharti lako nimelisoma polepole, kama ulivyotaka. Mafuta ya taa nimempa mpishi wetu. Lakini usidhani nimetulia. Nikiwa kazini kila tofali ninalopiga mwiko naliona lina pua ya Sekhobe. Nieleze habari zake. Anakula nini? Amenenepa?

Motlatsi


Ha Lekoro, 8 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Nisamehe kimya hiki chote. Limpho aliugua surua, sasa amepona, amebaki na macho makubwa tu. Viatu vimefika na vinamtosha. Kifua hukunijibu.

Uliuliza kama Sekhobe amenenepa. Alikuwa amenenepa.

Unakumbuka Thuso, kila mwaka kabla ya upepo wa Agosti, alikuwa anapanda juu ya paa na kuongeza mawe juu ya mabati. Sekhobe alipoingia aliyapaka mabati rangi nyekundu, kisha akaona mawe yanakwaruza rangi yake na yanamfanya aonekane mtu wa mlimani. Akayashusha yote akayapanga chini, kama ua wa bustani ya posta. Mimi nilipita nikamwona anayashusha. Ningeweza kusema. Nilivuta shuka langu nikaendelea na safari, nikaanza kuisubiri Agosti.

Upepo ulikuja mchana kweupe ukalibeba paa lote mpaka kwenye zizi la chifu. Ng'ombe walikimbia, mabati mekundu yanaonekana mpaka barabara kuu. Kesho yake theluji ikaangukia ndani. Kuta za udongo zikalowa, na ule ukuta wa mbele ukalala chini. Nilikwenda kuangalia. Nilisimama pale pale barabarani lilipotupwa kabati langu.

"Unaangalia nini wewe?" Sekhobe akaniuliza.

"Naangalia chokaa, ntate. Naona imetoka," nikamjibu, na hilo ntate la heshima nikalivuta.

Nilirudi nyumbani nikala papa, ugali wetu, sufuria nzima, kwa furaha.

Furaha yenyewe haikudumu. Mama mkwe analala jikoni kwa jirani, na ni mzee, na chama kinaanza na wazee. Amejiandikisha. Wamempa nafasi mbele yangu. Nyumba inajengwa kwenye ua ule ule niliotolewa, atakaa yeye pamoja na Sekhobe wake, na kundi lililopangwa kuijenga ni kundi letu. Nikikataa kushika sepeto natoka chamani. Nikishika, namjengea aliyenifukuza. Nyumba yangu ni ile inayofuata baada ya hiyo.

Mme Makatleho aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, nakuelewa, lakini siwezi kukubadilishia sharti." Nikamwambia nimesikia.

Niandikie. Wewe ni mtu wa ujenzi.

Malimpho


Germiston, 22 Septemba 1996

Ausi,

Pole na surua ya mtoto. Nimemtumia shati la sufu kwa mkono wa dereva yule yule.

Habari ya paa nimewasomea wenzangu wote, na wamenitaka niisome tena pale penye ng'ombe. Mawe kama ua wa bustani ya posta! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Sasa msikilize mtu anayejua kazi. Mimi nilikuwa mjinga na mafuta yangu ya taa. Nyumba inaangushwa kwa toroli. Omba kazi ya kuchanganya saruji, hakuna mwingine atakayeitaka, inavunja mgongo. Kisha ongeza mchanga. Mchanga wenyewe chukua ule wa juu wenye udongo. Tia maji mengi ili iwe laini na mafundi wafurahi. Tofali zitumike kavu, zisilowekwe, zitanyonya maji ya saruji kabla haijashika. Ukuta ukiisha usiumwagilie. Siku ya kutoa ufunguo utasimama vizuri kabisa, watu watapiga makofi, wazungu watapiga picha. Ngoja mvua ya pili. Utaanza kutema mchanga kama mtoto anavyotema uji.

Na sharti la chama halitakukamata, maana hakuna atakayejua ni wewe.

Fanya, dada. Nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Motlatsi


Ha Lekoro, 13 Oktoba 1996

Motlatsi,

Sote wazima. Shati limefika, limemzidi kidogo, atalikulia.

Barua yako nimeisoma nikaitia motoni. Msingi umeshachimbwa. Anayechanganya saruji ni mimi. Nimeiomba kazi hiyo mwenyewe.

Usiniandikie tena habari za mchanga. Niandikie habari za kifua.

Malimpho


Germiston, 24 Novemba 1996

Dada wa damu yangu,

Umeomba kazi ya kuchanganya! Sihitaji kuambiwa zaidi. Barua yako fupi ni tamu kuliko ndefu zote. Hukusema ndiyo, lakini hukusema hapana, na mimi nakujua tangu ulipokuwa unaniibia mahindi ya kuchoma huku unanitazama usoni.

Tsokolo amerudi kazini, anachechemea. Anasema kuta zimeshafika kwenye madirisha na zinaonekana nzuri. Nikamkonyeza. Akaniuliza kwa nini nakonyeza. Nikamwambia ngoja mvua.

Hapa mvua zimeanza. Kila inaponyesha natoka nje ya kontena nasimama naiangalia, wenzangu wananiuliza kama nina ng'ombe wa kuchunga. Nawaambia ninaye mmoja, yuko Ha Lekoro, ana pua kubwa.

Krismasi siji. Usiulize kwa nini. Kazi.

Ukuta ukianza kutema, niandikie siku hiyo hiyo.

Motlatsi


Ha Lekoro, 19 Januari 1997

Mdogo wangu,

Krismasi tulichinja kuku na sehemu yako tukaiweka pembeni mpaka Limpho akaila. Amepanda darasa. Tsokolo alikuja na zawadi zako, na nilipomuuliza kwa nini hukuja aliangalia chini. Kwa hiyo nimeshajua kwamba si kazi.

Sasa naweza kukuambia mambo ya ule ukuta, maana umekauka.

Ni kweli sikusema hapana. Siku ya kwanza ya kupandisha kuta nilichanganya toroli moja kama ulivyonifundisha. Mchanga wa juu, maji mengi, saruji ya kubadilisha rangi tu. Nikasimama nayo. Sekhobe alikuwa amekaa juu ya mawe ya paa la Thuso, amejifunika blanketi, anasema mgongo unamuuma. Zamu yake yote ilikuwa inafanywa na mama yake, anabeba maji kwa ndoo ndogo, anapumzika, anabeba tena.

Mme Makatleho akamwita mbele ya watu. "Ntate Sekhobe! Huo mgongo umeanza lini kuuma? Siku ile unabeba kabati la Malimpho ulikuwa mzima kabisa."

"Labda kabati ndilo lililouvunja," akasema Mwalimu Phafoli, bila kucheka, huku anaweka tofali.

Watu wakaangua kicheko. Sekhobe akasema, "Nyie wanawake mmekuja kujenga au kuimba?"

"Tunaweza yote mawili, ntate. Wewe unaweza lipi?" Mme Makatleho akamjibu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naiangalia toroli yangu, nikaona jambo ambalo wewe hukuliona. Ukuta ule ukianguka watasema ni mvua. Watamhurumia Sekhobe mara ya pili, chama kitamjengea mara ya pili, na Ha Lekoro yote hakuna atakayetaja jina langu. Wewe uliona hilo ndilo zuri lake. Mimi nikaona ndilo baya lake. Motlatsi, nitolewe nje mchana mbele ya kijiji kizima, halafu nilipize kwa kujificha ndani ya mchanga? Nilitaka kisasi chenye jina langu. Niliimwaga toroli ile njiani, kwenye shimo linalosumbua magari, nikachanganya nyingine kama ninayemchanganyia Thuso.

Na hivyo ndivyo nilivyochanganya mpaka mwisho. Niliosha mchanga. Tofali nililoweka mwenyewe. Kuta nilizimwagilia asubuhi na jioni hata siku ambazo si zamu yangu. Mwalimu alidhani nimeokoka. Nilitaka nyumba hiyo isimame kuliko zote, isimame mpaka wajukuu wa watu wazeeke.

Ikaja lipu. Kila nyumba ya chama, ukuta wa mbele unaachiwa mwanamke wa nyumba aupambe kabla lipu haijakauka. Sekhobe mke hana, aliyekuwa naye alimkimbia zamani. Mama mkwe mikono yake inatetemeka. Alinijia na uma mkononi, ule wa kuchorea, akaniambia, "Yangu haiwezi tena. Weka unalolijua." Alisema hivyo akiangalia chini, kama siku ya maharage. Nilichukua uma.

Unayakumbuka majani yangu. Majani manne yanayokutana katikati, na moja limepinda, kwa sababu mwaka nilioolewa kidole kiliteleza na Thuso akasema niliache hivyo hivyo. Kila mwanamke hapa anajua jani lililopinda ni la nani. Kwenye udongo mvua ilikuwa inayaosha kila mwaka, na chokaa iliyafunika jioni moja. Safari hii niliyachimba ndani ya saruji mbichi kwa nguvu zangu zote, kutoka mlangoni mpaka kona, kutoka chini mpaka nilipofika kwa ngazi. Chokaa haiwezi kuyafunika. Ukipaka yanazidi kuonekana.

Ufunguo ulitolewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Chifu alikuwepo, kwaya iliimba, nyama iko motoni. Sekhobe akaja amechelewa na ana blanketi jipya, alikuwa ametoka kwenye pombe, amekuja kupokea ufunguo kama mwenye nyumba. Akauona ukuta.

"Nani ameweka uchafu huu?"

Mwanamke mmoja huko nyuma akasema, "Majani ya Malimpho hayo, ntate. Huyajui? Uliyapaka chokaa wewe," na akina mama wote wakapiga vigelegele.

Akakimbilia sururu iliyokuwa imeegemezwa pale. Akaiinua. Wanaume wakataka kumshika, Mme Makatleho akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni. Piga, ntate. Piga mara moja tu. Sharti unalijua, anayeharibu nyumba ya chama anaondoka, na nyumba inakwenda kwa anayefuata. Unamjua anayefuata?"

Akageuka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nina saruji mpaka kwenye nyusi.

"Piga, shemeji," nikamwambia.

Nilitaka apige. Sitakudanganya wewe. Niliomba kwa Mungu wangu apige. Sururu ilikuwa juu, na kijiji chote kinasubiri kama kinavyosubiri mtu kupiga chafya. Kisha akaishusha. Akaiweka chini polepole, kwa adabu, kama mtu anayelaza mtoto. Mtu mmoja akauliza kama mgongo umepona.

Ufunguo akapewa mama mkwe. Aliushika akaniangalia, akaniangalia muda mrefu. Safari hii mimi ndiye niliyeangalia chini.

Usije ukafikiri kanisa limeniingia. Sijasamehe mtu. Kila asubuhi nikienda kisimani napita pale, na Sekhobe akiwepo mlangoni namsalimia kwa sauti. Lazima aitike akiwa amesimama mbele ya majani yangu.

Msingi wangu unachimbwa wakati wa Pasaka. Nyumba yangu itakuwa na vyumba viwili, kimoja changu na Limpho. Njoo. Na usije na maneno ya kazi.

Dada yako,
Malimpho


Germiston, 20 Aprili 1997

Ausi Malimpho,

Nimerudi salama kutoka huko nyumbani. Basi liliharibika Ficksburg tukashuka kulisukuma, mimi nilikaa na mizigo. Wenzangu wanakusalimu, na mkate uliowapa uliisha kabla sijavua koti.

Mwambie Mwalimu Phafoli ameninyima usingizi. Mtu mwenye malengelenge kama yale viganjani hapaswi kuninyang'anya sepeto na kuniambia nipumzike. Nilimuuliza analipwa nini, akasema halipwi. Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema, "Ntate, nyumba ninayokaa mimi ni ya shule. Nikistaafu natoka. Nataka nione mtu mmoja ambaye hatolewi." Nilimwonyesha jinsi ya kushika timazi ya kunyooshea ukuta bila kuitikisa, ndiyo shukrani niliyokuwa nayo. Glavu hakuwa nazo. Yale maneno yangu ya kumcheka nayafuta.

Liko jambo sikukuambia siku ya kuondoka. Uliponiona nashuka njia ya kisimani badala ya njia ya basi ukaniuliza, nikakwambia nataka kuaga mlima. Nilikwenda kwa Sekhobe.

Nilikuwa nimetoka huku na maneno niliyoyapanga mwaka mzima. Lakini ile njia ina mwinuko, na mimi mwinuko siku hizi unanishinda. Nilisimama, nikaenda, nikasimama tena. Nilipofika mlangoni pake nilikuwa sina pumzi ya kutoa tusi hata moja. Alikuwa nje, anakata kuni.

"Khotso, ntate," nikamsalimia.

Alinitambua mara moja. Akaangalia mikono yangu, nadhani alitafuta fimbo. Shoka lake akalikaza.

"Unataka nini?"

"Maji."

"Maji?"

"Ya kunywa. Au na hayo yamerudi kwa ndugu?"

Aliingia ndani akatoka na kikombe. Nikaegemea ukuta, bega langu juu ya lile jani lililopinda, nikanywa polepole. Nikaupiga kwa vifundo vya vidole. Ausi, mimi nimepiga kuta za madaktari na za mawakili. Huo haukutoa mlio. Ulikaa kimya kama jiwe.

"Ukuta mzuri," nikamwambia. "Nani alikujengea?"

Akaangalia barabarani.

"Nakuuliza kwa nia njema, ntate. Mimi ni mtu wa ujenzi, fundi mzuri napenda kumjua."

"Dada yako," akasema, chini chini.

"Nani? Samahani, mashine za huko zimetuharibia masikio."

"Malimpho!" akapaza sauti, mpaka jirani akatoa kichwa dirishani. "Amejenga Malimpho! Umesikia?"

"Sasa nimesikia," nikasema. Jirani naye alikuwa amesikia.

Nilimrudishia kikombe nikamshukuru. Ndani nilimwona mama mkwe wako ameketi na sinia ya maharage mapajani. Mikono yake ilikuwa imesimama.

Kiu ilikuwa ya kweli, dada. Hilo Sekhobe hajui, na nisingependa ajue. Jumatatu nakwenda hospitali waliyoniambia, kupigwa picha ya kifua. Ukiuliza tena nitakujibu. Kile chumba cha pili usimpe mtu.

Na kila nikija nyumbani nitapita kwake kwanza kuomba maji. Nitauliza tena nani alijenga.

Ndugu yako,
Motlatsi